Mtoto Yuko Kituoni, Lakini Bado ni Wenu

Bibi na babu wengi waliokabidhi wajukuu yatima kwenye makao ya watoto huona haya kuuliza chochote. Wakienda kumwona mtoto, wanaishia kwenye benchi la mapokezi, wanaletewa mtoto kwa muda mfupi, kisha wanaaga. Wanajiambia: analishwa bure, tuna lipi la kusema?

Ndugu msomaji, msaada haufuti haki. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inawataka wazazi, walezi na ndugu waendelee kumtembelea mtoto aliye kwenye makao na kulinda maslahi yake. Zanzibar ina sheria yake, Na. 6 ya mwaka 2011.

Anza na leseni

Makao ya watoto hayaendeshwi bila leseni ya serikali, na msimamizi wake mkuu ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Omba uonyeshwe leseni, usome jina la kituo na tarehe. Kisha nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, umuulize mara ya mwisho kituo kilikaguliwa lini.

Ukiingia ndani

Omba kuona faili la mtoto wako. Liwe na cheti cha kuzaliwa, kumbukumbu za matibabu, maendeleo ya shule na mpango wa kumrudisha kwa ndugu, maana kituo na afisa ustawi wana wajibu wa kusaidia mtoto aungane tena na jamaa zake.

Fika bwenini. Je, kila mtoto ana kitanda na chandarua? Usiku nani analala karibu nao? Angalia mlango: ukiona hufungwa kwa kufuli kutoka nje na madirisha yana nondo, uliza ufunguo hukaa kwa nani. Moto ukizuka usiku, watoto watatokea wapi?

Watazame watoto pia. Mtoto mdogo anayemkimbilia na kumkumbatia kila mgeni huwafurahisha wengi, lakini mara nyingi ni dalili kwamba hana mlezi mmoja aliyemzoea. Huenda walezi ni wachache au hubadilishwa mno.

Halafu kaa pembeni na mtoto wako, msimamizi asiwepo. Kifungu cha 11 cha Sheria hiyo ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Muulize: ukiumwa usiku unamwambia nani? Ukikosea unafanywa nini? Kifungu cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha, na kinasema adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto haina uhalali.

Ukiona dosari

Andika tarehe, ulichokiona na maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Kasoro ndogo, kama chandarua kilichochanika, mweleze msimamizi na ufuatilie. Lakini ukisikia habari za kipigo, njaa au unyanyasaji wa kingono, usianzie kwake. Ushahidi unaweza kufichwa, naye mtoto akatishiwa. Nenda moja kwa moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Si lazima uwe ndugu: jirani, mwalimu, mfadhili, hata fundi aliyeitwa kurekebisha bomba, wote wanahusika. Afisa ustawi anaweza kumwita anayelalamikiwa ili suala liamuliwe, na mtu huyo akikaidi uamuzi, suala hupelekwa mahakamani.

Kituo kinacholea vizuri hakiogopi maswali. Mkikataliwa kuingia au kuzungumza na mtoto wenu bila sababu ya msingi, msirudi nyumbani kimya. Pitieni kwanza kwa afisa ustawi, siku hiyohiyo.