Picha ya Vurugu Nayo Ina Mpangilio

SWALI: Nimeteuliwa kuwa jaji wa shindano la wapigapicha wa ridhaa hapa Tunduma. Mada ni "vurugu", na karibu kila mshiriki ameleta picha ya foleni ya malori ya mpakani. Nitazitofautishaje?

JIBU: Usiwapunguzie alama kwa sababu ya malori. Barabara ya TANZAM inavuka hapo kuingia Nakonde, na msururu wa magari yaendayo Zambia na Kongo ndio sura ya mji wenu. Pima alichokiona mpigapicha ndani ya msururu huo.

Kwanza, jiulize jicho linatua wapi. Malori, bodaboda na wabadilisha fedha wakijazana tu kwenye fremu, huo ni mrundikano. Akiwepo mama muuza ndizi aliyetulia katikati yao, utulivu wake ndio unaotufanya tuihisi vurugu.

Pili, ukungu wa mwendo si kosa. Kwa kasi ya shata ya 1/15 ya sekunde, bodaboda inayopita huwa mfuo wa rangi; muhimu kitu kimoja kibaki kikionekana wazi. Picha iliyotikisika yote imeponzwa na mkono.

Tatu, linda utu. Picha ya majeruhi wa ajali aliyedhalilishwa isishinde, hata iwe kali namna gani.

Mwisho, ficha majina ya washiriki, toa alama, kisha zitazame picha tena kesho yake. Ile uliyolala ukiikumbuka, ipe nafasi ya kwanza bila woga.