SOMO LA LEO: SOMA NAMBA YA CHESESI KABLA YA KUTOA FEDHA

Leo tunajifunza kusoma namba za gari. Msiseme, "Sisi hatuna gari, zinatuhusu nini?" Wengi wetu tunachanga fedha katika vikundi. Siku moja kikundi kitataka pikapu ya kupeleka mboga sokoni.

Jambo hili tuliliona Mbagala, wilayani Temeke. Kikundi cha akina mama kilipata pikapu iliyotumika. Rangi inang'aa, bei nafuu. Dalali akawahimiza, "Haya akina mama, kuna mteja mwingine anakuja!" Mama mmoja, aliyejifunza kusoma ukubwani, akaomba kadi ya gari. Akainama, akafuta vumbi kwenye chuma, akasoma tarakimu moja moja. Kwenye kadi palikuwa na 8, kwenye chuma 3. Akasema, "Jamani, gari hii siyo ya kadi hii." Fedha zikarudi kibindoni.

Namba hizo hutoka wapi? Hutoka kiwandani. Kuanzia magari ya mwaka 1981, kila gari la Marekani lina namba yenye alama 17. Alama ya kwanza ni nchi: 1, 4 au 5 ni Marekani, J ni Japani. Ya kumi, kwa magari ya Marekani, ni mwaka wa modeli. Kwa mfano, Y ni 2000. Herufi I, O na Q hazitumiki, maana hufanana na 1 na 0.

Lakini magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam yalitumika kwanza Japani. Namba zake ni fupi: alama za aina ya gari, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. KDH200, kwa mfano, ni Toyota Hiace. Namba hii haitaji mwaka. Mwaka tazameni kwenye hati.

Hata matajiri hufanya hivi. Mwaka 1969 Chevrolet ilitengeneza Camaro 69 tu zenye injini ya ZL1, ya aluminiamu. Camaro za kawaida za mwaka huo ni nyingi, na mjanja anaweza kuzibadilisha rangi na injini. Kwa hiyo mnunuzi haamini macho tu. Husoma namba na hati za kiwandani.

Basi, kabla ya kununua:
1. Soma namba ya chesesi kwenye chuma, siyo kwenye karatasi tu.
2. Ilinganishe na kadi, alama kwa alama. Fanya hivyo na namba ya injini.
3. Tazama kama chuma kimekwanguliwa au kuchomelewa.
4. Ukiona tofauti hata moja, usitoe fedha. Ulizeni kwanza Mamlaka ya Mapato au polisi.

MASWALI
1. Kwa nini herufi O haitumiki katika namba ya alama 17?
2. Mama wa Mbagala aliokoa fedha za kikundi kwa njia gani?
3. Nendeni kwenye gari lolote kijijini. Mwombeni mwenyewe, kisha nakilini namba yake bila kukosea.