Somo la 14: Abunuwasi katika Kitabu cha Picha



Katika masomo yaliyopita umesoma habari za pamba, za maji safi na za malezi ya watoto. Leo utasoma habari za kicheko. Usidhani kuwa ni jambo dogo. Mtu aliyejifunza kusoma, akikosa kitu cha kusoma anachokipenda, husahau. Baada ya misimu miwili mitatu ya kilimo huanza kuona herufi ni ngeni, na mwisho hurudi kuweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Hadithi ya kuchekesha ni dawa mojawapo ya ugonjwa huo, maana mtu haisomi kwa kulazimishwa.

Soma hadithi hii kwanza peke yako, kimya. Kisha msomee mwenzako kwa sauti.

A. HADITHI: SUFURIA ILIYOZAA

Abunuwasi alikwenda kwa jirani yake tajiri kuazima sufuria kubwa. Jirani akampa. Siku ya pili Abunuwasi akairudisha, na ndani yake ametia sufuria ndogo.

Jirani akauliza, "Na hii ndogo ni ya nani?"

Abunuwasi akajibu, "Ni yako. Sufuria yako ilikuwa na mimba. Usiku imezaa."

Jirani alijua ya kuwa sufuria haizai. Lakini aliitazama ile ndogo akaona ni nzima na inang'aa. Akanyamaza. Akazichukua zote mbili, akamshukuru Mungu.

Baada ya siku chache Abunuwasi akaja tena kuazima. Safari hii jirani alimtolea sufuria kubwa kuliko zote, ya shaba, akampa kwa mikono miwili. Siku zikapita, wiki ikapita, sufuria hairudi. Jirani akaenda kuuliza.

Abunuwasi akashika tama. "Pole sana, jirani. Sufuria yako imefariki."

"Sufuria inafaje?" jirani akapiga kelele. Wakaenda kwa kadhi.

Kadhi akasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Akamwuliza yule tajiri, "Alipokuambia imezaa, ulikubali?"

"Nilikubali."

"Basi kinachozaa hufa. Nenda nyumbani ukaweke matanga."

B. ABUNUWASI NI NANI?

Abunuwasi wa hadithi ametokana na mtu wa kweli. Jina lake lilikuwa Abu Nuwas. Alizaliwa Ahvaz, katika nchi ya Iran ya leo, karibu na mwaka 756, akafa Baghdad, nchini Irak, karibu na mwaka 814. Alikuwa mshairi mkubwa wa Kiarabu katika enzi ya Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809. Mashairi yake mengi yalisifu mvinyo, wala hayakuwa ya watoto.

Baada ya kufa kwake watu walimpa vichekesho vingi ambavyo si vyake. Hadithi ya sufuria, kwa mfano, Waturuki humsimulia Nasreddin Hodja, na Waarabu wengi humsimulia mtu aitwaye Juha. Katika Kiswahili neno "juha" limekuwa na maana ya mtu mjinga. Hadithi hizi zilifika pwani yetu pamoja na wasafiri na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Wasimulizi wa pwani wakazitia chumvi ya Kiswahili, na Abunuwasi akawa kama mwenyeji. Baadaye zilipigwa chapa, na kitabu cha Hekaya za Abunuwas kikasomwa shuleni Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Muulize mzee aliyesoma zamani hapo Bariadi, Maswa au Meatu. Huenda akakusimulia moja bila kutazama kitabu.

C. HADITHI ILE ILE KWA PICHA

Mwaka 1996 hadithi za Abunuwasi zilitolewa upya Nairobi na kampuni iitwayo Sasa Sema, zikiwa katika kitabu cha picha. Mchoraji alikuwa Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi humjua kwa jina la Gado. Ni mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekwenda kufanya kazi ya kuchora katuni za magazeti nchini Kenya. Hakubuni Abunuwasi mpya. Alimchukua yule wa zamani akampa uso, nguo na mwendo.

Wasomaji wa Kiswahili walikuwa wamezoea kucheka kwa picha hata kabla ya hapo. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alichora katuni za Chakubanga. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo kwa miaka mingi sana. Tazama jina hilo. Juha umekwisha kumjua. Kalulu ni sungura katika lugha za Malawi na Zambia. Mjinga na mjanja wamekutana katika jina moja.

D. JINSI YA KUSOMA HADITHI YA PICHA

Mtu mzima anaweza kuona aibu kushika kitabu cha picha. Ataona ni cha watoto. Lakini kusoma picha nako kunahitaji kujifunza. Fuata hatua hizi:

1. Picha zimetiwa katika visanduku. Anza na kisanduku cha juu kushoto, uende kulia, kisha ushuke mstari wa pili. Ukiruka kisanduku kimoja, kichekesho kinapotea.

2. Maneno ya msemaji yamezungushiwa mstari, mfano wa puto lenye mkia. Mkia unaelekea kwa yule anayesema. Fuata mkia ili ujue nani amesema nini.

3. Kabla ya kusoma maneno, tazama nyuso. Nani amekasirika? Nani anaficha jambo?

4. Soma maneno. Kisha tazama uso tena. Je, maneno na uso vinakubaliana?

Hatua ya nne ndiyo kubwa. Rudi kwenye hadithi yetu. Tumeandika hivi: "Jirani alijua ya kuwa sufuria haizai." Mchoraji hahitaji sentensi hiyo. Atachora macho ya jirani yakiikodolea ile sufuria ndogo, na mkono umekwisha kunyooshwa. Mdomo unasema "Ahsante", macho yanasema tamaa. Mtoto ataliona hilo haraka, pengine kabla ya mzazi wake. Mzazi naye atasoma maneno. Kila mmoja ana cha kumwonyesha mwenziwe.

E. KUFUPISHA BILA KUHARIBU

Mwandishi anayeitengeneza upya hadithi ya zamani kwa ajili ya vijana hana budi kupunguza. Je, apunguze nini?

Nguo na nyumba zinaweza kubadilishwa. Abunuwasi anaweza kuvaa kanzu au shati, na jirani anaweza kuwa mfanyabiashara wa Baghdad au mwenye duka karibu na soko la Bariadi. Kadhi anaweza kuwa hakimu, au mwenyekiti wa kijiji. Kichekesho hakitakufa.

Lakini jaribu kuondoa mahali ambapo jirani anakubali kuwa sufuria imezaa. Simulia tu kwamba Abunuwasi aliazima sufuria akasema imekufa. Umeona? Sasa Abunuwasi ni mwizi tu, na jirani ni mtu aliyeonewa. Hakuna cha kucheka. Nguvu yote ya hadithi imo katika ile "nilikubali" ya jirani.

Chukua mfano wa nchi nyingine. Mwaka 1726 Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, alitoa kitabu cha safari za Gulliver, ambacho kilitafsiriwa katika Kiswahili tangu enzi ya ukoloni. Gulliver anavunjikiwa na merikebu. Anapoamka pwani amefungwa kwa nyuzi, na waliomfunga ni watu wenye urefu usiofika sentimeta 16. Watoto hupenda picha hiyo. Lakini Swift aliwaandikia watu wazima, ili kuwacheka wakubwa wa siku zake. Wale watu wadogo wanapigana vita na nchi jirani kwa sababu ya yai: wengine wanasema livunjwe kwa upande mpana, wengine kwa upande mwembamba.

Vitabu vingi vya picha hubakiza watu wadogo na zile nyuzi, vikaacha sehemu za mwisho za safari, ambazo ni chungu. Si vibaya. Lakini kitabu kikiondoa hata ugomvi wa yai, mtoto atapata mchezo na kukosa maana. Kwa hiyo unapomchagulia mtoto kitabu, jiulize: je, baada ya kucheka, kuna jambo la kuuliza? Kama lipo, kitabu hicho kimefupishwa vizuri.

F. FAIDA YAKE KWETU

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Siku hizo Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, maana Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Katika mikoa ya Ziwa vitabu vya kisomo vilifundisha kusoma pamoja na kilimo cha pamba, na kuanzia mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho lilitolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wa vijijini. Wakuu wa kazi hiyo walijua kwamba kujifunza herufi si mwisho. Msomaji mpya anataka kurasa za kusoma kila wiki, na nyingine ziwe za kumfurahisha.

Katika nyumba nyingi za Simiyu watoto huanza kusema Kisukuma, Kiswahili wakakizoea shuleni. Kitabu cha picha huwasaidia. Mtoto asipolijua neno "kuazima", anaona mtu amenyoosha mikono kupokea kitu na mwenyewe akimkabidhi. Soma naye kwa Kiswahili, kisha simulianeni kwa Kisukuma. Akikuuliza, "Baba, sufuria inazaaje?" usimkemee. Hilo ndilo swali ambalo jirani wa Abunuwasi alipaswa kuliuliza.

Na sisi watu wazima tuliulize pia. Siku moja huja mtu kijijini na karatasi nzuri zenye muhuri. Anasema, "Toa shilingi 50,000 za mauzo ya pamba leo, mwezi ujao utapata 100,000." Mwezi wa kwanza wachache wanalipwa kweli. Hiyo ndiyo sufuria ndogo. Watu wanaona inang'aa, wananyamaza, wanaleta sufuria ya shaba. Mwezi wa tatu yule mtu haonekani na simu yake haipatikani. Huo ndio upatu wa udanganyifu, na umewafilisi Watanzania wengi, mjini na vijijini. Ukimwuliza mtu kama huyo tangu siku ya kwanza, "Fedha inazaaje hapa? Nionyeshe kwa maandishi," ukayasoma maandishi hayo mwenyewe neno kwa neno, umeiokoa nyumba yako. Tofauti moja tu ipo. Katika hadithi jirani alipoteza sufuria, nasi tukacheka. Nyumbani kwako itakuwa ada ya mtoto au mbegu za msimu.

G. MAANA YA MANENO

Kuazima: kuchukua kitu cha mtu kwa muda, kisha kukirudisha.
Kadhi: hakimu wa Kiislamu.
Kushika tama: kuweka kiganja shavuni kwa huzuni au mawazo.
Matanga: siku za kukaa pamoja kuomboleza baada ya mazishi.
Kufupisha: kufanya kitu kiwe kifupi.
Upatu: mchango wa fedha wa zamu. Upatu wa kweli, kila mmoja anajulikana na hupata zamu yake. Wa udanganyifu huwalipa wa kwanza kwa fedha za wanaofuata.

H. MASWALI

1. Kwa nini jirani alinyamaza alipoambiwa sufuria imezaa?
2. Je, kadhi alihukumu kwa haki? Toa sababu zako. Wasikilize pia wanaokupinga.
3. Ni sehemu gani ya hadithi haiwezi kuondolewa? Kwa nini?
4. Watu wadogo wa Gulliver waligombana kwa ajili ya yai. Je, umeona ugomvi wa namna hiyo hapa kijijini? Ulikwishaje?
5. Taja njia mbili za kumtambua mwenye "sufuria inayozaa".

I. KAZI YA KIKUNDI

Gawaneni watu wanne wanne. Chukueni karatasi kubwa. Hata karatasi safi ya mfuko wa saruji inafaa. Ikunjeni mara mbili, kisha ifungueni mpate visanduku vinne. Choreni hadithi ya sufuria, kila mtu kisanduku kimoja:

Cha kwanza: Abunuwasi anaazima.
Cha pili: sufuria imezaa.
Cha tatu: sufuria imekufa.
Cha nne: hukumu.

Msiogope kuchora vibaya. Kichwa kiwe duara, mikono iwe mistari. Andikeni maneno machache: kisanduku kimoja kisizidi maneno kumi. Mtaona kuwa kuandika kwa maneno kumi ni kugumu kuliko kuandika ukurasa, maana ni lazima kujua neno gani lina kazi na lipi halina.

Mkimaliza, kila mmoja aipeleke karatasi nyumbani kwa siku moja, kwa zamu. Mpe mtoto aisome bila kumweleza lolote. Akicheka katika kisanduku cha nne, mmefaulu. Asipocheka, rudini darasani mtazame upya kisanduku cha pili.