Niliacha sigara, nikarudia

SWALI: Daktari, nilikaa miezi minne bila sigara. Juzi msibani nikapewa moja, leo nimerudi kwenye pakiti nzima. Je, nimeshindikana?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na pole kwa msiba. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kwanza.

Katika miezi ile minne, nikotini yenyewe ilikuwa imeshatoka mwilini zamani. Shida ya kuikosa huwa kali siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki 3 au 4. Kinachobaki ni mazoea: kahawa ya barazani, hasira, huzuni, rafiki anayekunyooshea pakiti. Kwa hiyo andaa jibu mapema, "Nimeacha, asante," kisha ondoka pale. Hamu hupita kwa dakika chache. Wala usinunue moja moja dukani ukidhani unapunguza. Ndivyo wengi wanavyorudi.

Panga tarehe mpya ndani ya wiki mbili hizi, na muulize mfamasia kuhusu chingamu ya nikotini, iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Itafune polepole mpaka usikie ukali, kisha ibane kati ya fizi na shavu. Ukiitafuna mfululizo utapata kwikwi na kichefuchefu, na watu huiacha kwa sababu hiyo tu. Usinywe kahawa robo saa kabla yake.

Ukiteleza tena kwa moja, tupa zilizobaki saa ileile. Usisubiri Jumatatu.