Machi 14 ya Ujiji na Machi 14 ya Kwihara

SWALI: Je, yapo matukio mawili makubwa ya njia ya misafara ya Tabora yaliyotokea tarehe moja? Na yakilingana hivyo, kuna maana yoyote?

JIBU: Yapo, tena yanamhusu mtu yuleyule. Machi 14, 1869, mpelelezi Mskoti David Livingstone aliingia Ujiji akiwa hoi kwa ugonjwa wa kifua. Alitarajia kuikuta shehena yake salama, akakuta imeporwa. Kati ya majora 80 ya kitambaa, yalibaki 18. Dawa zake zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, ndiyo Tabora, mwendo wa siku 13 upande wa mashariki, na vita vilikuwa vimeifunga njia.

Machi 14, 1872, aliagana na mwandishi wa habari Henry Stanley huko Kwihara, jirani na Tabora. Alimkabidhi shajara yake, imefungwa kwa lakiri tano, aipeleke Uingereza. Hawakuonana tena.

Hiyo ni sadfa tupu.

Februari 5 ni habari nyingine. Azimio la Arusha lilitangazwa siku hiyo mwaka 1967, na vyama vya TANU na ASP vilipoungana kuwa CCM mwaka 1977, tarehe hiyohiyo ilichaguliwa makusudi. Kwa hiyo, msomaji akikuta tarehe zimelingana, aulize kwanza kama kuna aliyezipanga.

Aulize pia ni nani aliyekuwa na kalamu. Wapagazi wa Kinyamwezi walizibeba shehena za njia hiyo mabegani, wengi wakafia njiani, na siku zao hazikuandikwa. Wanaowachunguza waanzie Tabora, kwa wazee, maadamu wangali hai.