SOMO: KUCHAGUA CHOMBO CHA GPS CHA KUPIMIA MASHAMBA

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kuchagua chombo cha GPS kwa busara kabla fedha ya chama haijatoka.

Vijijini, Kansay ikiwemo, ekari huhesabiwa kwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hiki ni chepesi, lakini hatua za watu hazilingani. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047. Mwenye hatua ya mita 1 hupata mita za mraba 4,900. Mwenye hatua ya sentimita 80 hupata 3,136 tu. Wote wawili wakiandikwa ekari 1 daftarini, hupewa mbolea sawa na mkopo sawa, na hapo manung'uniko huanza.

1. Namna chombo kinavyofanya kazi

Chombo hupokea mawimbi ya redio kutoka setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200. Ili kijue mahali kilipo, hapana budi kipate setilaiti 4 au zaidi. Hakihitaji mnara wa simu, wala hakuna ada. Zamani Marekani, yenye mfumo huo, iliyapunguzia makusudi usahihi mawimbi ya raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Jambo hilo lilikomeshwa Mei 2000. Leo, mahali palipo wazi, kosa la chombo cha mkononi ni kama mita 3 hadi 5.

2. Simu au chombo maalumu?

Simu janja nyingi zina kipokezi cha GPS, na usahihi wake hautofautiani sana na wa chombo maalumu. Chama chenye mashamba machache ya kupima chaweza kutumia simu, mradi ramani ziingizwe kabla ya kwenda mahali pasipo na mtandao. Chombo maalumu chafaa kwa kazi ya siku nyingi, yenye mvua na vumbi.

3. Mambo ya kuangalia dukani

(a) Kiweze kukokotoa eneo baada ya mpimaji kuzunguka mpaka. Si vyote viwezavyo.

(b) Kipokee pia mifumo mingine, kama GLONASS ya Urusi na Galileo ya Umoja wa Ulaya. Hili husaidia makorongoni na chini ya miti, ambako sehemu ya anga hufichika.

(c) Kitumie betri ndogo zipatikanazo madukani, ili zikiisha kazi isisimame.

(d) Kihimili maji. Alama IPX7 maana yake ni kustahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30.

(e) Kiruhusu kubadili msingi wa vipimo. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960, lakini GPS hutumia WGS 84. Asiyebadili ataona mahali pamesogea kiasi cha mita 300.

4. Mipaka ya chombo

Upande mmoja wa shamba la mraba la ekari 1 ukikosewa kwa mita 3, eneo hukosewa karibu mita za mraba 190, yaani pungufu ya sehemu moja ya ishirini. Kwa robo ekari, kosa hilo hukaribia sehemu moja ya kumi. Basi mashamba madogo yapimwe kwa utepe.

Tena, GPS hupima eneo kama lionekanavyo katika ramani, ilhali hatua hufuata mteremko. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 100 za kutembea ni mita 94 za ramani. Kwa hiyo daftari moja lisichanganye vipimo viwili: wanachama wote wapimwe upya kwa njia moja, mwenye shamba na jirani zake wakiwapo.

Vipimo hivi ni vya hesabu za chama tu. Havimnyang'anyi mtu ardhi wala kumpa. Migogoro ya mipaka ipelekwe kunakohusika kisheria.

Ununuzi uwemo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na chombo kiandikwe katika daftari la mali.

Maswali ya majadiliano

1. Je, chama chenu kina mashamba mangapi yaliyo chini ya nusu ekari?
2. Nani atatunza chombo, na nani atafundishwa kukitumia katibu asipokuwapo?
3. Mwanachama ambaye ekari zake zitapungua baada ya kupimwa ataelezwaje?