Dondoo muhimu: Bangi Ujerumani, ruhusa na mipaka yake

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima wa miaka 18 na zaidi nchini Ujerumani anaruhusiwa kutembea na gramu 25 za bangi, kuweka gramu 50 nyumbani na kuotesha miche mitatu kwa matumizi yake. Wengi husikia hapo tu, wakaishia matatani.

Kuuza ni kosa. Kumgawia rafiki bure pia ni kosa. Hakuna duka la bangi ya starehe. Njia halali ni kuotesha mwenyewe au kujiunga na chama cha wakulima wa bangi, kisichozidi wanachama 500, na lazima uwe umeishi nchini humo angalau miezi sita.

Usivute mbele ya watoto, wala karibu na shule au viwanja vyao vya michezo panapoonekana ndani ya mita 100. Kwenye mitaa ya waenda kwa miguu, kuvuta ni marufuku kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku.

Usukani. Kikomo cha kawaida ni nanogramu 3.5 za THC (kemikali ya bangi inayolevya) kwa mililita ya seramu ya damu. Dereva mwenye umri chini ya miaka 21, au aliye katika kipindi cha majaribio ya leseni, haruhusiwi kuwa na THC hata kidogo. Kwa maoni yangu, ukivuta, panda treni.

Mpaka. Ruhusa hii haivuki mpaka wa Ujerumani. Kenya na Tanzania bangi ni jinai, hata msokoto mmoja uliosahaulika mfukoni. Ndugu unayerudi likizo, kagua mizigo yako kabla ya kwenda uwanja wa ndege.